Msalaba Usioenea Katika Duara

Msimu wangu wa kwanza wa kutazama nyota hapa Lubumbashi ulipotea bure, kwa sababu nilimsikiliza muuzaji aliyenisifia darubini ya macho mawili inayokuza mara 20. Kila nyota niliyoielekea ilirukaruka kama kimulimuli, kwani darubini ya namna hiyo hukuza pia mtetemo wa mikono. Kwa kuanzia, tafuteni iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita.

Kosa la pili ndilo lililonifundisha. Jioni moja ya mwezi wa tano, umeme umekatika mtaa mzima na giza limetanda vizuri, nilimpa mdogo wangu darubini mpya ya 10x50 autazame Msalaba wa Kusini. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: «Yaya, mbona nikiona mguu sioni kichwa?» Nilikuwa nimemwonyesha Msalaba wa Uongo, ambao nyota zake ni za makundi ya Carina na Vela. Darubini kama ile huonyesha duara la anga la nyuzi 6 na nusu hivi. Msalaba wa kweli, wenye nyuzi 6 kutoka kichwani hadi mguuni, huenea humo kwa shida, lakini mti mrefu wa ule wa uongo unapita nyuzi 9. Tena ule wa kweli una walinzi wawili waangavu kando yake, Alfa na Beta Centauri, ambao siku ile sikuwaangalia kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kabla ya kuwinda maumbo madogo, jua kwanza duara lako lina upana gani, kwa kulipima juu ya Msalaba wa kweli. Ramani husema umbo lina nyuzi mbili, na asiyejua kipimo cha duara lake hulipita mara kumi bila kulitambua.

Ukishapima, shuka katikati ya misalaba hiyo miwili, chini kidogo, utafute nyota Theta Carinae. Hapo pana Kilimia cha Kusini, ndugu wa kile kilimia ambacho wazee walikitazama kujua majira ya kulima. Kwa macho matupu ni kama nyota iliyochafuka; ndani ya darubini inafunguka kuwa makundi mawili ya nyota, na katikati yake pengo jeusi. Mfaransa Lacaille, aliyeipima mbingu hii kutoka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752, alitumia darubini yenye kioo cha nusu inchi tu, basi tusilalamikie vyombo vyetu.

Mwezi wa saba, saa tatu usiku, lala chali kwenye mkeka, ujifunike blanketi maana baridi ya huku haina utani, kisha ufuate mkia wa kundi la nyota la Nge hadi nyota Zeta Scorpii. Nyota zilizosongamana juu yake hufanya kichwa na mkia wa kometi, yaani nyota yenye mkia, ingawa si kometi. Usichelewe hadi mwezi wa nane, kwani moshi wa nyasi zinazochomwa porini hufifisha kila kitu.

Moshi ukipungua, geukia kaskazini utafute henga ya nguo katika kundi la Vulpecula: nyota sita zimepangwa mstari, nne zimefanya ndoano. Watu wa Ulaya huiona imepinduka. Sisi tunaiona ndoano ikiwa juu, kama iliyotundikwa kabatini.