Bido langu halijai: maswali yenu juu ya mashairi

Tangu niendeshe kikao cha mashairi cha Jumamosi hapa Goma, jumbe za maswali zimejipanga kwenye simu yangu kama mabido (madumu ya maji) kwenye robine (bomba) ya kartie, yaani mtaa wetu, alfajiri. Nimechota nane. Nyingine zitangoja, na wale watatu walioomba niwatungie shairi la kumrudisha mchumba, jibu ni hapana. Nilishajitungia mimi mwenyewe, halikufanya kazi.

Mwalimu, niko Majengo, nina miaka 19. Naandika kwa Kiswahili chetu cha Goma, na Kifaransa kikiingia, kinaingia. Mjomba wangu aliyesoma Tanzania anasema hayo si mashairi kwa kuwa hayana vina wala mizani. Ni kweli?

Mjomba wako hakuzua, ila kesi hiyo ni ya zamani. Washairi wa Kiswahili waligombana sana juu yake miaka ya sabini. Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alitoa diwani yake (kitabu cha mashairi) *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yake hayafuati vina, na wapo waliosema huo ni uvivu. Diwani hiyohiyo ikapata wasomaji huko huko Tanzania. Mwulize mjomba kama hakuipitia.

Lakini usiitupe mizani kabla hujaijua. Ni hesabu ya silabi tu. Mstari uliozoeleka una silabi 16, nane huku na nane kule. Hesabu kwa vidole:

*Maji ya ziwa ni mengi, bido langu halijai.*

Huo niliutunga kwenye foleni ya maji, ziwa Kivu likimetameta pale chini kana kwamba linatucheka. Niliusema kwa sauti ili nijipimie, na mama aliyekuwa nyuma yangu akaurudia bila kuombwa, akauongezea mwingine wa kwake ambao siwezi kuuandika hapa kwa heshima ya mkurugenzi wa maji. Mizani ilinisaidia hapo: mstari ulipita kutoka mdomo wangu hadi wake bila karatasi.

Kuhusu lugha, bido ni Kifaransa, na hakuna aliyeliomba pasipoti. Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Haikusema Kiswahili cha nani.

Mama Mwalimu, tulikaa kambini, tukatoka mwaka 2025. Tangu hapo usingizi wangu ni wa vipande vipande. Rafiki yangu ananiambia niandike mashairi, nitapona. Itanisaidia? (Mama wa watoto wanne, Ndosho)

Pole, mama. Hili nitalijibu taratibu.

Shairi si kidonge. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake Sandra Beall walilijaribu jambo hili na wanafunzi wa chuo, wakachapisha walichokiona mwaka 1986. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Wengine waliandika tukio lililowaumiza kuliko yote, pamoja na walivyojisikia, wengine mambo ya kawaida tu. Walioandika uchungu walitoka na huzuni zaidi siku hizohizo, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache zaidi. Tangu wakati huo jambo hilo limepimwa mara zaidi ya mia moja, na ukiyajumlisha yote unaona faida ipo, ila ni ndogo, na haimfikii kila mtu. Pennebaker mwenyewe anasema ukiona unachoandika kinakuzidi, acha, andika kingine.

Sisi tunaokutana Jumamosi hapa Katindo hatuanzi na usiku wa risasi. Tunaanza na kitu kimoja cha jikoni. Kuna mama aliyeandika juu ya mwiko wa bugali kwa wiki sita. Mwiko tu. Ulivyopasuka mpini, ulivyofungwa na mpira wa baiskeli, ulivyoacha alama nyeusi ukingoni mwa sufuria. Vijana walianza kuchoka na ule mwiko, nami kidogo, nikiri. Wiki ya saba akautaja mkono uliofunga ule mpira. Hakuna aliyemsukuma. Alisoma, akakunja karatasi, akauliza kama chai imebaki.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu, andika mchana, si kitandani usiku. Andika mtu mwingine akiwa karibu nyumbani, hata kama hajui unaandika nini. Ukimaliza, shika kazi ya mikono, chambua sombe (kisamvu), fua. Na usimsomee mtu mpaka utake mwenyewe. Kuandika ni jambo moja na kusoma mbele za watu ni jingine kabisa, na wengi hulipata la kwanza bila kuhitaji la pili.

Ila kama usingizi umekukataa wiki kwa wiki, au mawazo ya kufa yanakujia, nenda kituo cha afya uombe kuonana na mhudumu wa kisaikolojia. Daftari litakungoja.

Na hili nawaambia wote wanaoendesha vikao. Msichana akikuvuta pembeni akakwambia jana alibakwa, usimpe kalamu. Mpeleke kituo cha afya masaa 72 hayajaisha, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinaanzwa ndani ya muda huo, na kila saa unayowahi inasaidia.

Naruhusiwa kusema jukwaani habari za jirani yangu kama nimebadilisha jina? (Mwanafunzi, Himbi)

Nilifikiri hivyo pia. Nyiragongo ilipolipuka, ile Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jirani yangu mmoja alikimbia na mashine yake ya kushona mgongoni, kaifunga kwa kitenge, na mtoto wa miaka mitatu akitembea pembeni yake. Niliwaona kwa macho yangu, mbingu nyekundu nyuma yao. Miezi michache baadaye nikalitungia shairi, nikabadilisha jina, nikalisema mbele za watu. Walisimama. Nililala na furaha.

Siku ya tatu yake akaja kwangu. Akakaa kwenye stuli, akakataa chai, akasema: "Mwalimu, ile mashine ni yangu."

Mume wake alikuwa Butembo wakati wa volkano. Shairi lilimfikia kwa simu, kama mambo yote yanavyofika siku hizi, na swali alilomwuliza mkewe lilikuwa moja: kwa nini mgongoni palikuwa na mashine, si mtoto? Mimi nilikuwa nimebadilisha jina, lakini mashine sikuibadilisha. Na kartie nzima inajua nani anashona.

Nenda kwa mwenye habari kwanza. Msomee yote, si vipande. Akitaka utoe mstari, toa, hata kama ndio mstari unaoupenda kuliko yote (na mara nyingi utakuwa huohuo). Akikataa, libaki daftarini. Langu liko daftarini mpaka leo.

Shirika moja limeniomba shairi la Machi 8, siku ya wanawake. Nililiandika juu ya shangazi yangu, nao wakalirudisha wakisema liishe na matumaini na amani. Nifanye nini?

Ah, matumaini. Goma tumeyaandika mengi kuliko makala (mkaa) inavyoungua.

Kama ni kazi ya kulipwa, elewaneni kabla, na "tutakulipia usafiri" si bei. Wakitaka shairi la uhamasishaji, watungie la uhamasishaji, ni kazi halali kama kuchora bango. Lakini la shangazi lirudishe nyumbani kama lilivyo.

Wakikwambia uchungu usiofunguka mwishoni haufai kwa watu, fungua Biblia. Zaburi ya 88 inalia kutoka mwanzo hadi mwisho na inaishia gizani. Waliokusanya Zaburi waliiona, wakaiacha hivyo. Au nenda tu kwenye kilio chochote hapa mjini. Watu wanaleta sukari, wanaleta makala, wanalala chini uwanjani na mfiwa. Sijaona anayemwambia mfiwa, "Sawa, sasa malizia vizuri."

Mashairi yamewahi kumwondoa nani madarakani? Sisi huku Kadutu, Bukavu, tumechoka kupigiana makofi wenyewe kwa wenyewe.

Ndugu yangu, hakuna ninayemjua aliyeondolewa na shairi.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa kijitabu kilichouliza *Kenya: Twendapi?* Alikaa ndani miaka mitatu. Humo alitunga mashairi kwa siri, akayaandika kwenye karatasi za chooni, yakatoka kama diwani *Sauti ya Dhiki* mwaka 1973. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Serikali haikuanguka. Lakini watu wanaosoma Kiswahili leo wanajua swali lake, na waliomhukumu siwezi kukutajia hata mmoja bila kwenda kutafuta.

Mimi naona shairi linafanya kazi ndogo iliyo kabla ya ile unayoitaka wewe: linampa mtu sentensi ya kubeba. Vijana wa Lucha, vuguvugu la kiraia lililoanzia hapa Goma mwaka 2012, walidai maji ya robine miongoni mwa mengine, na dai la maji ni jepesi kurudiwa sokoni Virunga kuliko hotuba juu ya utawala bora. Mkipigiana makofi wenyewe kwa wenyewe, tatizo linaweza kuwa hapo. Hebu angalieni mashairi yenu yana "haki" ngapi na "ukombozi" ngapi, halafu mhesabu yana mabido mangapi, sambaza (samaki wadogo wa ziwani) ngapi, ngazi ngapi za matope za huko kwenu Kadutu. Kisha lipelekeni moja mahali ambapo hakuna mshairi. Kilioni, kwenye foleni, kwa kina mama wa likelemba, wanaochangiana pesa kwa zamu.

Tena, miji yetu yote miwili, Goma na Bukavu, unajua ilivyo tangu vita viingie mapema 2025. Wazee walituachia fumbo: mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Msirekodi nyuso za wasikilizaji. Msitaje mtaa wala siku ya kikao kwenye simu kabla hakijapita. Na asiyetaka kusema shairi lake mwaka huu, msimwite mwoga.

Babu yangu alikuwa msema kasala, mashairi ya sifa ya Waluba. Leo watoto wa hapa Lubumbashi wanasema slamu ni kitu kipya. Si ni kilekile? (Papa wa komini ya Kenya, Lubumbashi)

Papa, si kilekile, ila ungewaalika wakasikilize. Slamu ni mtoto wa Chicago. Marc Smith, aliyewahi kufanya kazi za ujenzi, aliianzisha miaka ya themanini, na tangu 1986 ikakaa katika baa ya Green Mill. Ni mashindano: unapewa kama dakika tatu, na waamuzi watano wanachaguliwa papo hapo kutoka kwa wasikilizaji, wanakupa alama kutoka sifuri hadi kumi. Ukichosha watu, unajua.

Kasala ya Waluba haishindanishi. Inamwita mtu kwa majina yake, ya baba, ya mama, ya waliotangulia, inamsifu, na kwenye kilio inamlilia. Ukitajwa kwenye kasala huwezi kusema uko peke yako, maana umesimamishwa katikati ya watu wako wote. Profesa Jean Kabuta, Mluba aliyefundisha Chuo Kikuu cha Ghent huko Ubelgiji, ameifanya kuwa mafunzo ambamo hata asiye Mluba anajitungia kasala yake. Tumewahi kujaribu hapa. Kijana mmoja wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) alipoambiwa ajisifu alikaa kimya muda mrefu, halafu akaanza kutaja milima aliyoiteremka na mzigo wa viazi, mmoja mmoja, kwa jina.

Kama babu aliacha mtu anayeikumbuka, mrekodi kabla ya mambo mengine yote. Hata kwa simu mbovu.

Mwanangu anashinda kwenye mashairi yenu. Atakula nini?

Bugali, mama, kama sisi. Asiache shule wala kazi, na akikosa kukusaidia nyumbani Jumamosi kwa sababu yetu, niambie nitamrudisha mimi mwenyewe.

Naweza kuja bila shairi? Naogopa, miguu inatetemeka.

Njoo. Miguu ya kila mtu inatetemeka, ndiyo maana wengi wanasoma wameegemea ukuta. Ila uje na kiti, tuna viti 14 na kimoja kimevunjika. Anayekuja bila shairi tunampa saa ashike: dakika tatu zikifika, anagonga kikombe kwa kijiko. Mama wa mwiko tu ndiye haruhusiwi kugongewa.