Je, kurudia maneno ya askari ni kukiri kosa?

SWALI: Ndugu Wakili, mwanangu ana umri wa miaka 23 na ana usonji. Juma lililopita alikamatwa sokoni kwa madai ya kuiba simu, eti kwa sababu alikizunguka kibanda kimoja mara nyingi na hakutaka kumtazama mtu machoni. Kituoni askari alimwuliza, "Umeiba simu?" naye akajibu, "Umeiba simu," kwani ndivyo asemavyo tangu utotoni akiingiwa na hofu. Nilipofika niliambiwa kwamba amekwisha kukiri. Yuko nje kwa dhamana ya polisi, na Jumatatu atasomewa shtaka. Nifanye nini?
*Mama Mwenye Wasiwasi, Mombasa*

JIBU: Mama, pole sana. Yaliyoandikwa kituoni yasikukatishe tamaa, kwani kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya hakiyapokei maungamo yaliyotolewa nje ya mahakama isipokuwa yawe yametolewa mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa, asiyekuwa mpelelezi wa kesi yenyewe, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Mtu huyo angeweza kuwa wewe, nawe hukuwapo.

Ninachokihofia zaidi ni hiyo Jumatatu. Shtaka likisha kusomwa, kijana ataulizwa, "Ni kweli au si kweli?" na mtu ambaye hofu humfanya arudie anachoambiwa anaweza kujibu "ni kweli", akatiwa hatiani kabla ya shahidi hata mmoja kusimama kizimbani. Kwa hiyo wakili wake, au wewe mwenyewe ikiwa hajapatikana, amweleze hakimu hali hiyo kabla shtaka halijasomwa, ripoti ya daktari ikiwa mkononi, na aombe kijana apewe mtu wa kumsaidia kuwasiliana na mahakama, kama inavyoruhusu Ibara ya 50(7) ya Katiba ya 2010.

Wapo watakaokushauri mseme kwamba hana akili timamu ili kesi iishe upesi. Usonji si wazimu, na njia hiyo si ya mkato kama inavyodhaniwa: chini ya kifungu cha 162 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, mshtakiwa akionekana hawezi kujitetea kwa sababu ya akili yake, kesi huahirishwa, naye anaweza kuzuiliwa pasipo kuhukumiwa.

Siku hiyo fikeni mapema, umkalishe mahali penye utulivu, mbali na makelele ya ukumbini, mpaka jina lake liitwe.