Sakitu Hufuata Bonde: Kulinda Bustani Wakati wa Kipupwe Njombe

Kama unalima bustani Njombe, Makete, Mufindi au kwingineko kwenye nyanda hizi za juu, kuanzia Juni hadi Agosti jizoeze kutazama anga kabla hujaingia ndani jioni. Jua likizama huku anga ni jeupe, hakuna upepo na nyota zinaanza kujaa, ujue sakitu, yaani barafu nyembamba inayofunika majani na nyasi, inaweza kuanguka alfajiri. Mawingu yakitanda, hata kama wewe mwenyewe unatetemeka, mara nyingi mimea huamka salama, kwa sababu mawingu hurudisha chini sehemu ya joto linalotoka ardhini. Yasipokuwepo, joto lote la mchana hupaa, na majani hupoa kuliko hata hewa inayoyazunguka. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa ukutani usawa wa kichwa kinaweza kuonyesha nyuzi 3 wakati maharage yako yameshaungua. Ukitaka kujua hali halisi ya bustani, kishushe kipimajoto hadi usawa wa mimea.

Watu wengi huniuliza wanyunyizie dawa gani. Mimi huwauliza kwanza bustani iko wapi. Hewa baridi ni nzito, na usiku uliotulia hushuka mteremko kama maji, ikajikusanya kwenye kila shimo na kila bonde. Sasa sisi watu wa huku tuna vinyungu, yaani bustani za kiangazi, na vinyungu viko mabondeni kwa sababu unyevu uko huko kiangazi chote. Udongo mweusi, maji karibu, mboga wakati wengine hawana. Lakini ni hapohapo baridi inapolala. Siwezi kumwambia mtu aache kinyungu, maana ndicho kinacholisha nyumba na kulipa ada za watoto. Ninachosema ni kwamba bonde lina ngazi zake, na kila ngazi ina zao lake.

Pita asubuhi ya Julai kwenye shamba la maharage lililoanzia bondeni likapanda mteremko. Chini majani yamelegea, yana rangi ya kijani kilichokolea majimaji, na kufika saa nne yatakuwa meusi. Panda hatua chache juu, maharage yaleyale, yaliyopandwa siku ileile, yamesimama mabichi kabisa. Mpaka kati yao unauona kwa macho. Basi amka kabla jua halijachomoza, zunguka bustani yako, na pale weupe wa sakitu unapoishia kwenye nyasi chomeka vijiti. Chini ya vijiti panda kabichi, chainizi, karoti na vitunguu. Maharage, nyanya, maboga na viazi panda juu ya mstari huo wa vijiti. Kazi hiyo ya asubuhi moja itakusaidia miaka mingi, kwa sababu umbo la ardhi halibadiliki na baridi hupita njia ileile.

Angalia na uzio pia. Uzio mnene wa miti upande wa juu wa bustani unasaidia, unaielekeza baridi pembeni. Uzio uleule ukiwa upande wa chini unaizuia isitoke, na bustani inageuka bwawa la baridi. Bibi mmoja jirani yangu hukata matawi ya chini ya uzio wake kila Mei ili hewa ipite, na mboga zake huwa nzuri kuliko za wengi tunaopakana naye.

Kwa nini kabichi ipone na boga life? Ndani ya mmea kuna maji, na barafu huanza kujitengeneza kwenye nafasi zilizo kati ya seli. Barafu hiyo huvuta maji kutoka ndani ya seli, seli zinanywea na kuta zake laini zinachanika. Jua likiyeyusha, maji yanatoka nje, jani linaning'inia. Mimea kama kabichi na karoti ikipata baridi ya taratibu kwa wiki kadhaa hujikusanyia sukari kwenye utomvu, na utomvu wenye sukari huchelewa kuganda. Ndiyo sababu kabichi ya Julai ni tamu kuliko ya Februari. Boga, nyanya na maharage asili yao ni nchi za joto, hazina uwezo huo. Njegere ziko katikati: majani yanavumilia vizuri, ila maua na maganda machanga yanaungua, kwa hiyo hesabu tarehe ya kupanda ili maua yaje baridi ikishapungua.

Viazi mviringo vinahitaji maelezo yake. Shamba likipigwa linatisha, jeusi lote, lakini viazi vyenyewe viko chini ya tuta na udongo umevifunika. Kama mmea bado ni mchanga utachipua tena kutoka chini, ingawa mavuno yatapungua. Kwa hiyo inulia udongo mapema, tuta liwe nene, na usikimbilie kung'oa. Mahindi machanga nayo hupona mara nyingi, kwa kuwa kiini chake cha ukuaji hubaki chini ya udongo hadi mmea ufikishe majani matano au sita. Kikishapanda juu ya ardhi, hapo huna la kufanya.

Kuna suala la matandazo ambalo wengi hawalipendi ninapolisema. Tumefundishwa kutandaza nyasi, na kwa kiangazi ni ushauri mzuri. Lakini nyasi nene kavu kati ya mistari huzuia jua lisipashe udongo mchana, na usiku huzuia joto la udongo lisifikie majani. Kwenye wiki za baridi kali mimi husogeza nyasi pembeni na kumwagilia asubuhi au mchana, ili udongo ulioloa uhifadhi joto. Udongo mkavu uliotifuliwa upya haushiki joto, kwa hiyo palizi ya jembe isubiri. Septemba narudisha nyasi.

Kufunika kunasaidia sana kwa kitalu na matuta madogo. Magunia, majani ya migomba, hata mashuka makuukuu yanafaa. Funika kabla jua halijazama, kwa sababu joto unalotaka kulifungia ni la ardhini, na saa sita usiku limeshaondoka. Pindo liguse chini pande zote. Weka vijiti ili kifuniko kisilalie majani, hasa kama ni nailoni, maana jani linaloigusa nailoni ndilo litakaloungua. Asubuhi jua likipata nguvu, funua.

Moshi sishauri. Kuchoma majani mabichi alfajiri kunafanya bonde lijae ukungu wa moshi na watoto wakohoe, lakini moshi hauzuii joto lisipae namna mawingu yanavyofanya. Kumwagia maji kunaweza kufaa, kwa sharti kwamba ukianza wakati wa baridi uendelee bila kukatiza hadi barafu yote iyeyuke. Ukiishia katikati, majani yaliyoloa hupoa zaidi. Mwenye ndoo moja asianze.

Matufaa, pichi na plamu ni kinyume cha yote haya. Hiyo ni miti inayoihitaji baridi. Bila saa za kutosha za ubaridi haichipui vizuri wala kutoa maua kwa pamoja. Ndiyo maana inapenda Makete, na ndiyo maana aina ya tufaa kama Anna, isiyodai baridi nyingi, hufaa sehemu zenye kipupwe chepesi. Hatari yake ni maua kuwahi kufunguka kabla sakitu haijaisha.

Namalizia na parachichi, kwa sababu ndilo linaloliza watu siku hizi. Mti mkubwa wa Hass, aina ya parachichi, unaweza kustahimili nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri kwa muda mfupi. Mche wa mwaka wa kwanza hauwezi. Usiupande bondeni. Usiuwekee mbolea ya urea kuelekea Mei, maana utaingia kipupwe ukiwa na majani laini yanayoungua kwanza. Ukishaungua, tafadhali acha mkasi nyumbani. Yale majani makavu yanayoning'inia yanalikinga shina lisichomwe na jua, na kwa sasa huwezi kujua sehemu hai ya mti inaishia wapi. Paka shina chokaa iliyochanganywa na maji, kisha subiri hadi Septemba au Oktoba. Machipukizi yakianza, kwaruza gome kwa ukucha kuanzia juu kushuka: penye kahawia pamekufa, penye kijani ni pazima. Kata hapo penye uzima. Na kabla hujashangilia chipukizi, tazama limetoka wapi. Likiwa juu ya pale mche ulipobebeshwa, yaani pale kikonyo (kijitawi) cha Hass kilipounganishwa na shina la parachichi jingine, ni Hass. Likiwa chini yake, ni la shina hilo jingine, na utahitaji kubebesha upya juu yake kikonyo cha Hass.