Nyumba za kale na sanaa Dubai kwa siku moja

Dada, umeuliza kama Dubai kuna cha kuona zaidi ya maduka na maghorofa, maana una siku moja tu kabla ya kuunganisha ndege. Kipo tele. Wahi Al Fahidi, mtaa wa kale wa mji, asubuhi, jua halijakolea: vichochoro vyembamba, nyumba za mawe ya matumbawe, na juu yake minara ya upepo. Simama chini ya mmoja usikie hewa inavyoshuka chumbani. Ndiyo feni ya zamani hiyo. Kisha tazama dari. Boriti zile ni za mikoko, aina ileile iliyokuwa ikipakiwa majahazini Lamu na Rufiji, na urefu wake ni mdogo, ndiyo maana vyumba ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe. Humohumo mtaani kuna majumba ya sanaa: Majlis Gallery, iliyofunguliwa 1989, na XVA. Nyumba ya Sheikh Saeed, mtawala wa zamani wa Dubai, ya 1896, iko mtaa wa Shindagha. Unatembea tu kando ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Kuvuka hori kwenda Deira, ng'ambo ya pili, panda abra, mashua ya abiria, kwa dirhamu 1. Sanaa ya kisasa iko Alserkal Avenue, kwenye maghala ya eneo la Al Quoz. Huko ni mbali, chukua teksi alasiri. Burj Khalifa utaiona dirishani mwa teksi, usiipangie foleni.