Biri Ikigoma Kupitisha Moshi, Anza na Unyevu

Mwaka wangu wa kwanza wa kuvuta biri nilipasua tatu kwa sindano ya kufumia. Nasema biri hasa, zile nene zinazosokotwa kwa mkono kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi wala kichungi. Shemeji yangu ambaye ni baharia aliniletea kumi kutoka Jamhuri ya Dominika. Naishi Dar es Salaam, na wakati ule ilikuwa masika. Kwa kuwa nilisikia kwamba biri hazitakiwi kukauka, nilizitia kwenye kopo la plastiki pamoja na kipande cha sponji chenye maji, nikafunika. Baada ya wiki tatu nikawasha ya kwanza barazani. Nikavuta mpaka mashavu yakabonyea, moshi hakuna. Ilikuwa kama kunyonya uji wa ulezi kwa mrija wa soda.

Nilimlaumu aliyezisokota. Nikachomeka sindano, jani la nje likachanika. Nikafanya hivyo kwa ya pili na ya tatu, na leo bado zinaniuma, maana kosa halikuwa la msokotaji hata kidogo.

Jani la tumbaku hunywa maji ya hewani. Likinywa kupita kiasi huvimba, na kwa kuwa limebanwa na jani la nje, halina pa kwenda, linaziba vile vinjia ambavyo moshi ungepita. Wavutaji wengi hutunza biri kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na za Cuba wengi huzipenda chini zaidi, 62 hadi 65. Sasa hewa ya pwani yetu wakati wa mvua huvuka 75 yenyewe, bila sponji ya mtu. Anayeishi Ulaya wakati wa baridi, nyumba ikiwa na joto la mashine, anahangaika kuongeza unyevu, na ushauri mwingi unaozunguka uliandikwa kwa ajili yake. Sisi wa Dar, Tanga na Mombasa kazi yetu ni kuupunguza.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni subira. Zitoe biri kwenye chombo chenye maji, ziweke ndani ya kasha la mbao tupu, kasha likae kwenye chumba chenye kiyoyozi kwa siku mbili hadi nne. Kiyoyozi hukausha hewa. Usizianike mbele ya upepo wake wala juani, kwani jani la nje likikauka ghafla hupasuka. Mbao inayosifiwa kwa makasha haya huitwa mwerezi wa Kihispania ingawa si mwerezi wa kweli. Ni Cedrela odorata, mti wa Amerika ya kitropiki ambao ulipandwa hata huku kwetu na sasa umevamia msitu wa Kimboza kule Morogoro. Ukimpata fundi seremala mwenye mbao hiyo, kasha utalipata bila kuagiza ng'ambo.

Nunua pia kipima unyevu, lakini usikiamini kabla hujakijaribu. Jaza chumvi kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiwe majimaji, kisha ifungie pamoja na kipima ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa siku nzima. Kinapaswa kusoma 75. Changu kilisoma 68, maana yake kila nilipodhani biri zangu ziko salama zilikuwa zinalowa.

Ukishamaliza habari ya unyevu, itabaki moja moja ambayo bado haipiti. Hiyo sasa ina fundo: jani la ndani lilijikunja vibaya, au uti wa jani uliachwa ukakaa kama kizibo. Wasokotaji wazuri hukunja kila jani la ndani kama mrija kabla ya kuyaunganisha, ili hewa ipite katikati. Kazi ya haraka hupanga majani kama kurasa za kitabu, na hapo ndipo mafundo hupatikana kwa urahisi. Biri nyembamba huathirika zaidi, kwani nafasi ya hewa ni ndogo tangu mwanzo.

Kata kofia, yaani kile kipande cha jani kinachofunika ncha ya upande wa kinywa, kisha vuta kabla hujawasha. Hatua hii watu huiruka, nami naisisitiza sana, kwa sababu biri isiyowashwa bado unaweza kuitengeneza kwa utulivu. Kama ulitoboa tundu dogo tu, kata ncha ya kofia kwa upana wote kwa kikatio cha kawaida. Kama ulikata, ongeza milimita moja, lakini usishuke chini ya pale kofia inapoishia, jani la nje litafunguka. Halafu ipitishe taratibu kati ya vidole, ukiminya kidogo sana. Fundo utalisikia, ni gumu kama kokwa, na kwa kuminya na kuzungusha wakati mwingine hulegea.

Lisipolegea, tumia chuma. Zipo sindano maalumu zenye meno zinazouzwa kwa kazi hii. Mimi nilimwomba fundi baiskeli anichongee meno madogo kwa tupa kwenye spoku, na bado naitumia. Meno ndiyo siri yenyewe. Chuma laini husukuma tumbaku pembeni nayo hurudi palepale, lakini meno huitoa nje. Ingiza katikati kabisa kutoka upande wa kinywa, zungusha, vuta nje, futa, jaribu kuvuta. Rudia mara tatu au nne, usizidishe. Biri iliyokauka sana usiiguse kwa chuma.

Ukigundua tatizo ikiwa tayari inawaka, usivute kwa nguvu. Kaa hushika moto mkali na ladha inakuwa chungu mpaka mwisho. Pumzika dakika nzima kati ya mvuto na mvuto, na moshi wa biri uishie kinywani. Tumbaku inadhuru hata hivyo, na asiyevuta simshauri aanze.

Zile saba zilizobaki nilizipeleka kwa kaka yangu mwenye kiyoyozi chumbani, zikakaa siku nne. Tano zilifunguka zenyewe. Ya sita niliitoboa kwa spoku. Ya saba ilikuwa na fundo nene kama penseli karibu na ule mkanda wa karatasi wenye chapa unaovishwa biri kwa nje, chuma kikashindwa, basi nikaikata chini ya fundo nikavuta nusu iliyosalia, na moshi ulipita vizuri.