Gati la Pemba: bloku, shiti za chuma au nguzo?

Sheikh wangu, umeuliza gati dogo magharibi ya Pemba, kina mita 5, ujenge ukuta wa mabloku ya zege, shiti za chuma (zile mbao za chuma zinazopigwa chini zikashikana zikawa ukuta) au sakafu juu ya nguzo. Miye si injinia, nilikuwa foromani tu, ila kazi hizi nimezila chumvi yake.

Shiti zinavutia kwa vile kazi inakwenda mbio, lakini kwetu huku ukishuka kidogo unakutana na mwamba wa matumbawe, shiti inapigwa nyundo inagoma, ukilazimisha inapinda huko chini na wewe juu huoni kitu, kwa hivyo lazima utoboe kwanza na hapo ule urahisi wote umekwisha. Na kutu je? Pale maji yanapofika yakishakupwa kabisa ndo inakula kimya kimya.

Mabloku nayapenda, ila skiza. Gati moja tulilojenga (jina naliacha), bamvua la kwanza tu (yale maji makubwa ya mwezi), maji yanashuka karibu mita 4 kwa masaa 6, nje kumeshakupwa lakini nyuma ya ukuta maji bado yamejaa, yakawa yanatokea kwenye maungio na mchanga wetu yanakwenda nao. Tumo ndani ya mashua tunatizama, yanachirizika kati ya bloku na bloku rangi ya chai ya maziwa. Baadae fuso la saruji likarudi rivasi, tairi la nyuma likazama mpaka ekseli, chini shimo tupu! Kumbe kontrakta kabana pesa ya kitambaa cha chujio, kile kinachopitisha maji kikazuia mchanga, na nyuma pa kuweka mawe kamwaga mchanga. Tukafukua yote: mawe makubwa, madogo, kitambaa, ndo mchanga, na matundu ya kutolea maji. Kazi mara mbili bwana.

Kama hapo pana tope la mikoko, bloku sahau, zitakaa mshazari, shusha nguzo mpaka mwamba. Na boti za kasi zikija, mwaga mawe mguuni mwa ukuta, pangaboi inachimba vibaya.

Halafu msichoronge shimo moja la kupima ardhi mkaridhika, matumbawe yana mapango, hapa mwamba, hatua kumi mbele nguzo inatumbukia wenyewe mnaitizama. Mmeshachoronga mangapi?