Kwa mnaoanza kusoma habari za vijana wa mujibu waliopelekwa msitu wa Malaya

Habari zenu, hasa nyie mnaoanza tasnifu na mmechagua ile vita ya Waingereza na wapiganaji wa kikomunisti kule Malaya, koloni lao ambalo leo ni sehemu ya Malaysia, 1948 mpaka 1960. Mi nimekaa na hii mada muda mrefu, kuna mambo naona kila anayeingia anayapita tu, nayasema mapema.

Kwanza usianze na majenerali. Vitabu vingi vitakupeleka kwa Jenerali Templer aliyefika Februari 1952 kuongoza vita, au kwa Gurney, Kamishna Mkuu aliyeviziwa na kuuawa barabarani Oktoba 1951, sawa ni muhimu, lakini hawakwambii nani alikuwa anatembea porini. Kwenye vikosi vya Waingereza wengi waliokuwa wanatembea ni vijana wa mujibu wa sheria. Uingereza haikuacha kuita vijana jeshini tangu vita kuu ya pili iishe, alafu sheria ya 1947 ikaupanga huo mwito upya kuanzia Januari 1949: ukifika miaka 18 unaitwa, unakaa miezi 18, na vita ya Korea ilipolipuka 1950 wakaongeza ikawa miaka 2. Sasa weka na hili pembeni, kura Uingereza ya wakati ule unapiga ukiwa na 21. Yani kijana katoka kiwandani Manchester au Glasgow, hajawahi kuvuka hata bahari, anapandishwa meli wiki kadhaa, anashushwa Singapore, anafundishwa msitu kwa muda mfupi tu na anaingizwa kuua au kuuawa kwa amri ya serikali ambayo haruhusiwi kuichagua. Mi kila nikilirudia linaniuma, na sioni sababu ya kulificha hata kwenye kazi ya kitaaluma.

Pili, msiwachanganye na askari wetu wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika wa makoloni ya Waingereza. Batalioni ya tatu ya Kenya ilienda Malaya mwanzoni mwa miaka ya 50, na za Nyasaland, Malawi ya leo, nazo zilienda. Wale walijiandikisha wenyewe kwa mkataba, ingawa ukiangalia kodi na mishahara ya kikoloni ya kipindi kile utajiuliza hiyo hiari ilikuwa na ukubwa gani, na hilo swali peke yake ni sura nzima ya tasnifu. Batalioni ya tatu iliondoka Malaya 1953 ikarudishwa nyumbani ambako hali ya hatari ilishatangazwa Oktoba 1952, kwahiyo askari aliyekuwa anafuatilia nyayo kwenye msitu wa Malaya akajikuta anafuatilia nyayo za Mau Mau, watu wa nchi yake. Huko Nyandarua na Mlima Kenya pia walikuwepo vijana wa mujibu wa Kiingereza. Kwahiyo nyie wa huku Afrika Mashariki hii mada haiko mbali kama supavaiza wako atakavyodhani.

Tatu, na hapa naomba msome taratibu: fuata mwili kabla ya risasi. Doria nyingi za Malaya hazikukutana na adui kabisa. Wiki nzima au zaidi watu wanatembea kimya, nguo hazikauki, ruba wanaingia mpaka kwenye matundu ya kamba za viatu, ngozi inababuka, kila siku kidonge cha Paludrine cha malaria, chakula kinadondoshwa na ndege kwa parachuti, na mbele anatangulia Muiban, mtu wa kabila la msituni kutoka Sarawak kisiwani Borneo, anayesoma majani yaliyovunjika. Buti zenyewe ni za turubai na soli ya mpira, zinaisha haraka sana. Ukikaa na mzee aliyekuwa huko, au ukisikiliza rekodi ya mtu, usimuulize ameua wangapi. Muulize viatu vilikuwaje, mlikuwa mnalala juu ya nini, nani alikuwa anapika. Watu walionyamaza miaka 50 huwa wanaanza na miguu yao, vita inakuja yenyewe baadaye, na isipokuja usiilazimishe.

Ila huruma isikufanye ushindwe kuona upande wa pili. Tarehe 11 na 12 Desemba 1948, Batang Kali, Selangor, kikosi cha Scots Guards kiliua wanaume 24 wasio na silaha kwenye shamba la mpira. Wengi wa askari wale walikuwa vijana wa mujibu. Serikali ikasema walipigwa risasi wakikimbia. Mwaka 1970 gazeti likachapa maelezo ya kiapo ya baadhi ya askari wenyewe kwamba haikuwa hivyo, waliuawa kwa makusudi, polisi wakaanza kuchunguza alafu uchunguzi ukasimamishwa mwaka huohuo serikali ilipobadilika. Familia zilihangaika mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, 2015 ikaamua serikali hailazimiki kufanya uchunguzi wa wazi. Ushauri wangu, usimsafishe kijana kwa sababu ya umri wake na usimfanye yeye peke yake ndo mkosaji, andika aliyetoa amri, aliyefyatua, na waliolala chini, wote watatu kwenye ukurasa mmoja.

Na waliokuwa nyuma ya seng'enge msiwasahau. Karibu nusu milioni ya watu, wengi Wachina wa vijijini, walihamishwa kwenye vijiji vipya vya seng'enge kuanzia 1950 ili wapiganaji wasipate chakula na msaada kwao, na njia hiyohiyo ililetwa Kenya 1954 ikahamisha zaidi ya milioni moja. Kumbukumbu za askari zinawaona hao watu getini tu wakipekuliwa mchele.

Faili: ziko Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza. Ripoti za vikosi tafuta WO 305, za Wizara ya Makoloni CO 1022, na msiache FCO 141, zile faili za makoloni ambazo serikali ya Uingereza ilizificha Hanslope Park zikaanza kufunguliwa 2012 baada ya kesi ya wazee wa Mau Mau. Imperial War Museum wana intavyuu nyingi za wanajeshi hawa, nyingi unasikiliza onlaini bure.

Kwa mnaotafuta familia za KAR, wazee wengi wameshatangulia kwahiyo fanyeni haraka. Ulizeni medali. Waliotumika kule walipewa ile ya General Service yenye kipande kilichoandikwa Malaya, na kwenye ukingo wake kumechorwa namba, cheo, jina na kikosi, maandishi madogo sana, piga picha kwenye mwanga wa ubavuni yatatokea. Ukishapata namba una pa kuanzia kwenye makaratasi hata kama familia haikumbuki mwaka. Medali usiichukue hata wakikupa, na rekodi ya sauti waachieni kopi siku hiyohiyo.